Picha Zilizocheza

Picha moja ilitosha kuvuruga kundi la WhatsApp la ukoo wetu. Mpwa wangu wa Mandewa, Singida, alimpiga picha mwanawe wa miaka mitatu usiku, taa ya sebuleni imezimwa, mtoto amekaa mkekani mbele ya runinga. Kinachoonekana ni uso tu, wa rangi ya samawati, mdomo umeachama kidogo, macho yamekaza. Aliituma kwa furaha, maana kama picha ilikuwa nzuri kweli. Kufika asubuhi imekuwa kesi. Shangazi yake wa Manyoni kaandika kwamba mtoto amepumbazwa. Mwingine, ambaye ni muuguzi, katukumbusha mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019: mtoto ambaye hajafika miaka miwili asiwekwe mbele ya kioo, na wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku, ikipungua ni bora zaidi. Baba mdogo kutoka Dodoma akauliza kitabu cha mtoto kiko wapi. Mama wa mtoto akatoka kundini, akarudishwa, akatoka tena.

Nikaombwa niamue, kwa kuwa mimi ndiye mjomba mkubwa na kwa kuwa miaka mingi ugali wangu umetokana na kamera. Kuhusu saa moja kwa siku sina ubishi na muuguzi. Ubishi wangu ni juu ya ule uso. Watu wazima kumi na ushei waliutazama wakaona ugonjwa, nami uso wa namna ile najua unavyotengenezwa, kwa sababu nimeutengeneza mwenyewe, hapo hapo Mandewa, kabla mpwa wangu hajaanza shule.

Mandewa ninayoikumbuka si hii ya hospitali ya rufaa ya mkoa na mabati yaliyobanana. Yalikuwa mashamba ya alizeti na mtama, mawe makubwa yaliyopandana, na nyumba za tembe zikianza kupisha za matofali. Nilikuwa napita kwa baiskeli, kamera shingoni, hasa Jumapili na sikukuu. Mkanda ulikuwa na picha 36, na kila moja nimeshaipigia hesabu kabla sijabonyeza. Mteja analipa nusu, nampelekea picha mkanda ukishasafishwa mjini, ananimalizia iliyobaki au ananiambia nipite mwisho wa mwezi.

Runinga ilipoanza kuingia kwenye nyumba hizo iliingia moja kwa moja kwenye kazi yangu. Bara tulichelewa. Zanzibar walikuwa na televisheni, tena ya rangi, tangu 1973; sisi tulingoja hadi 1994 ITV ilipoanza Dar es Salaam, na kutoka Dar es Salaam kufika sebule ya Mandewa ilikuwa safari nyingine, iliyohitaji antena ndefu au dishi, umeme au betri ya gari, na fedha za alizeti. Aliyeipata alitaka ionekane. Naitwa: “Kaka mpiga picha, njoo utupige na TV.” Nakuta TV ya chogo juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kufuma, pembeni maua ya plastiki. Kitambaa kinapandishwa. Watoto wamepakwa mafuta mpaka wanang’aa, wamevaa nguo za Krismasi hata kama ni Machi, wanapangwa kwa urefu, mikono imenyooka, TV wameipa mgongo. Mara nyingi yenyewe imezimwa, baba anatunza betri. Flashi yangu ilikuwa inagonga kioo na kurudi, picha inatoka na nyota nyeupe katikati ya TV, na wateja waliipenda nyota hiyo kuliko kitu chochote nilichowahi kukusudia. Walisema inaonyesha TV inafanya kazi.

Hizo ndizo picha zangu za kwanza za watoto na runinga, na ndani yake hakuna mtoto hata mmoja anayetazama runinga. Safari moja TV iliwashwa, binti wa nyumba akageuka kuiangalia wakati nabonyeza. Baba yake alikataa kulipa. “Mtoto hajaangalia kamera. Picha gani hii?” Sikubishana naye. Picha ile ilikuwa iende kwa ndugu zake mbali, iwaambie kwamba mtoto anakua, ana viatu, na nyumba ina TV. Mtoto anayetazama pembeni anaharibu taarifa yote. Hapo nilianza kuelewa kwamba anayepanga sura ya mtoto pichani ni yule atakayekuja kuitazama picha. Kwa baba yule walikuwa ndugu zake. Kwetu ukoo mzima siku hizi, nadhani, ni hofu.

Lakini binti aliyegeuka hakunitoka. Ile picha isiyolipiwa niliibeba. Baadaye padri mmoja akanionyesha kwenye kitabu chake picha ya Alfred Eisenstaedt, aliyoipiga Paris mwaka 1963, watoto wakitazama maonyesho ya vikaragosi, wakati joka linauawa. Kila uso una habari yake. Huyu anapiga ukelele, yule kajishika kichwa, mwingine kaziba mdomo, wa pembeni anacheka. Nikasema, nami nitawapiga hivyo watoto wa Mandewa wakitazama video.

Ninapoandika “watoto wakitazama video” wasomaji wa rika langu wanajua ni kibanda umiza. Chumba cha udongo au mabanzi, mabenchi ya mbao, jenereta nyuma, madirisha yamezibwa kwa magunia na mablanketi ili kuwe na giza mchana kweupe. Hamsini mlangoni, na mtoto asiye na hamsini anachungulia kwenye tundu mpaka afukuzwe. Wazazi wengi waliviogopa vibanda hivyo, na kwa filamu zilizokuwa zikionyeshwa usiku walikuwa na sababu. Mchana palikuwa pahali pengine kabisa.

Tatizo langu la kwanza lilikuwa mwanga. Flashi haifai: inaua mwanga wa TV usoni, na ikilipuka watoto wote wanageuka na kupaza sauti, “Anko, nipige na mimi!” Nikanunua Pentax K1000 ya mitumba ambayo spidi ya shata unaipanga mwenyewe, nikatia mkanda wa 400, nikafungua lenzi mpaka mwisho. Bado ilinilazimu kushuka hadi sehemu moja ya nane ya sekunde. Asiyepiga picha ataona huo ni muda mfupi. Kwa mtoto ni mrefu mno. Ndani ya muda huo anaweza kugeuka kwa mwenzake, akarudi, akafungua mdomo kucheka. Kila anayefanya hivyo anatoka ukungu. Picha imecheza, tunasema, na picha iliyocheza haiuziki.

Tarehe 31 Mei 2002 ilikuwa Ijumaa. Senegal walikuwa wanafungua Kombe la Dunia na Ufaransa, mabingwa wa dunia, na mechi ilichezwa Seoul usiku wa kule, huku kwetu ikiwa saa nane na nusu mchana. Kibanda kilijaa hadi mlangoni. Nilikaa chini, bega kwa bega na TV, nikiwaelekea watazamaji. Dakika ya 30 Papa Bouba Diop akafunga. Sitaweza kuieleza kelele ile. Benchi lilivunjika. Mtoto mmoja alipanda mgongoni mwa mzee ambaye, nina hakika, hakuwa babu yake. Nilibonyeza mfululizo, nikiwa na yakini kwamba nimepata Eisenstaedt wangu.

Mkanda uliporudi, furaha yote ilikuwa uji. Mikono kama moshi, vichwa viwili viwili, meno bila midomo. Katika picha zote za bao, iliyofaa ilikuwa moja: mvulana wa miaka kama saba, katikati ya vurugu, ametulia tuli, macho yamekaza, mdomo umeachama. Wengine wote wamemzunguka kama ukungu. Ukiikata pembeni abaki peke yake, unapata mtoto aliyepumbazwa na runinga. Niliikata pembeni. Ndivyo ilivyouzika, na mtu wa shirika fulani la watoto aliinunua bila kuuliza chochote.

Yule mvulana nilimjua, alikuwa wa nyumba ya tatu kutoka kwa mteja wangu. Jioni ile ya mechi nilimkuta barabarani na wenzake, amepanga kandambili chini. Hii ni Diouf, anapita kushoto, anamwacha Leboeuf. Anaingiza krosi. Huyu Petit, huyu kipa Barthez, mpira unawagonga wao kwa wao. Hii ni Diop, kafunga akiwa kakaa chini. Halafu jezi wakaitandika karibu na kibendera cha kona wakaizunguka wakicheza. Aliona vyote hivyo. Wenzake waliokuwa wakiruka juu ya mabenchi ndio waliokuwa wakimwuliza ilikuwaje.

Siku hizi nikiona mfululizo wa picha za watoto wakitazama runinga, jambo la kwanza ninaloangalia ni kama kuna aliyecheza. Na zipo nyingi. Mjerumani Wolfram Hahn aliwapiga watoto wa Berlin katikati ya miaka ya 2000. Donna Stevens, Mwaustralia aliyekuwa akiishi New York, alikuja na mfululizo wake aliouita “Idiot Box”, nyuso za watoto kwenye giza, zimeangazwa na kioo tu, na jina lenyewe lilishahukumu kabla hujafungua picha ya kwanza. Ni kazi nzuri, sina kijicho. Zimepigwa kwa ustadi na zinakaa akilini. Watu wakizitazama wanashtuka: watoto wetu wamekuwa maiti! Nami najiuliza kila mara, na zile nyingine ziko wapi? Zile ambazo mtoto anajikuna, anamsukuma mdogo wake, anaomba maji? Najua mpiga picha alizipata. Hakuna mtu anayekaa na mtoto mbele ya TV asizipate. Nyingine zilicheza, nyingine hazikuendana na jina.

Kuna waliokwenda njia tofauti. Mwingereza Robbie Cooper, kwenye kazi yake “Immersion” iliyoanza kuonekana mwaka 2008, alificha kamera nyuma ya kioo kile kile ambacho watoto walikuwa wakichezea gemu au kutazama, halafu akaacha kamera ya video iende. Mtoto anakutazama wewe ana kwa ana bila kujua. Na kwa kuwa picha inakwenda, unaona anakunja uso, anang’ata mdomo, anazungumza peke yake. Simamisha video hiyo popote na utapata mpumbavu. Iachie iende, unapata mtu aliye kazini.

Wapimaji wa mambo hayo pia hawategemei uso mmoja. Wakati kipindi cha Sesame Street kinaandaliwa Marekani, kabla hakijaanza kurushwa mwaka 1969, mtafiti Edward Palmer alimweka mtoto mbele ya runinga, na pembeni akaweka mashine ya slaidi inayobadilisha picha kila baada ya sekunde 7.5. Kisha akahesabu ni lini mtoto anaiacha runinga na kugeukia slaidi. Kipindi kikiboa, jicho linahama. Baadaye Daniel Anderson wa Chuo Kikuu cha Massachusetts alirekodi watoto wadogo wakitazama, akaona wanaangalia kioo na kuondoa macho zaidi ya mara 100 kwa saa moja. Zaidi ya mara 100! Na kila mwenye kamera anangoja tu pale macho yalipotua.

Kamera iliiba kitu kingine pale kibandani, na hicho nilichelewa kukigundua kwa sababu kilikuwa masikioni mwangu muda wote. Filamu nyingi tulizotazama zilikuwa za kanda zilizotafsiriwa, na aliyetawala alikuwa Lufufu wa Dar es Salaam. Lufufu hakutafsiri tu. Aliwapa majambazi wa Hong Kong majina ya mitaa ya Dar es Salaam, alikosoa tabia zao, alitania, alitoa mawaidha katikati ya risasi. Watoto wa Mandewa walikuwa wakimsikiliza yeye. Wapo waliokaa nyuma ya nguzo, kioo hawakioni vizuri, wamekuja kwa sauti. Kwenye negativu zangu hao ndio wenye nyuso “zilizopotea” kuliko wote, macho yanaelekea mahali pasipo na kitu. Walikuwa wanasikiliza hadithi kama bibi zao walivyosikiliza, na mtu yeyote mwenye bibi anaufahamu uso wa mtu anayesikiliza hadithi.

Halafu kuna ujirani. Lenzi ikifunguliwa mpaka mwisho, inachagua uso mmoja na kuwafuta walio mbele na nyuma yake. Ndiyo maana watoto wa picha hizi wote wanaonekana wapweke. Katika kibanda kile hapakuwa na mpweke. Mtoto alikuwa na kiwiko cha mwingine ubavuni, goti la mwingine mgongoni, na harufu ya karanga za mwingine puani. Nyumbani kwenye TV ya kwanza ya mtaa ilikuwa hivyo hivyo, mama mwenye nyumba analalamika juu ya miguu yenye vumbi na bado anafungua mlango. Namwelewa muuguzi wetu anaposema mtoto wa leo na simu yake ni jambo lingine. Ni kweli ni jambo lingine. Ila upweke huo uchunguzwe nyumbani: nani alikuwa chumbani, mtoto alikaa muda gani, alikuwa anaangalia nini, akiulizwa anasema nini. Katika picha ya mpwa wangu hakuna jibu la hata swali moja kati ya hayo. Nilipompigia aliniambia mtoto alikuwa anaangalia Akili and Me, ile katuni ya Ubongo ya Dar es Salaam, na kwamba aliyekaa pembeni yake, nje ya picha, ni bibi yake, ambaye naye huwa hataki kupitwa nayo.

Mabishano ya ukoo yalinifanya nishushe sanduku la negativu. Kijana mmoja wa mjini alikuwa ameshaniomba niziweke mtandaoni, akaniahidi zitasambaa. Sikukataa, nilimwambia angoje. Watoto wale ni watu wazima sasa. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, lakini hata bila sheria, huwezi kumtoa mtu mbele ya ulimwengu akiwa na mdomo wazi bila kumpigia hodi. Nikaanza kuzunguka Mandewa na bahasha, safari hii kwa bodaboda. Yule wa kandambili amehamia Kahama. Mmoja alicheka, akaniruhusu. Mwingine alisema mke wake asiione, kwa sababu shati alilovaa siku ile lilikuwa la dada yake.

Picha niliyoipenda kuliko zote ni ya wasichana watatu wamekaa sakafuni. Mwanga wake sijaupata tena maishani: mweupe, laini, umesambaa sawasawa kwenye nyuso zote tatu, hakuna anayetikisika, macho kwenye TV kama wanasali. Kwa miaka mingi, mtu akiniuliza runinga ilifanya nini Singida, nilimwonyesha hiyo. Wa katikati ana kibanda cha kushona nguo njia ya kwenda hospitali. Ananiita anko mpaka leo. Aliishika picha, akaisogeza mlangoni kwenye mwanga, akaguna.

“Anko, hapa tulikuwa tunaangalia chenga.”

Nikamwuliza chenga gani.

“Chenga! Picha ilikuwa imekatika. Kaka alikuwa nje anazungusha antena, sisi tunasubiri tumwambie hapo hapo.”

Basi nikakumbuka ile sauti ya nje, “Tayari?”, na wao kujibu kwa pamoja, “Bado!” Nilikuwepo, nilisikia, nikapiga. Chenga ndizo zilizotoa ule mwanga, kwa sababu kioo kizima kinakuwa cheupe na hakibadiliki. Na walitulia kwa sababu walikuwa kazini: anayeona sura ikirudi apige kelele kabla kaka hajaipita. Nilimweleza habari za sehemu moja ya nane ya sekunde. Alinisikiliza kwa adabu huku akiendelea kupiga pasi pindo la sare ya shule.

Kisha akauliza bei. Nikamwambia bure, na ninachoomba ni ruhusa tu. Ruhusa alitoa, kwa sharti nimsafishie mbili, ya pili ya kaka yake, ambaye kila wakikutana msibani au harusini anadai hajawahi kuona hata dakika moja ya filamu ile, na kwamba wao watatu walikuwa wanasema “bado” makusudi.

Nilimwuliza kama ni kweli. Aliniambia hilo nisiliandike.